Dalili ya Mvua ni Mawingu: Tuyazuie Mauaji ya Nyumbani



Mtu akikatwa mkono na mashine kiwandani, sote huuliza: Kinga ilikuwapo? Nani aliiona hitilafu akanyamaza? Lakini mwanamke mwenzetu akiuawa na mumewe katika nyumba za kambi, tunasema ni pombe, ni hasira, ni mambo ya ndani. Tunachanga rambirambi, tunazika, kisha tunarudi kuchuma chai. Sisi katika chama tunasema desturi hiyo haina budi ikomeshwe. Vifo vya namna hii, mara nyingi, huonyesha dalili mapema kama mashine mbovu inavyopiga kelele kabla ya kuvunjika.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au jamaa zao. Hao ni karibu 140 kila siku. Afrika ndiyo iliyopoteza wengi zaidi, kiasi cha 21,700.

Jambo hili halina mpaka. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alishiriki mbio za marathoni za Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Alifariki tarehe 5 katika hospitali ya Eldoret. Kulikuwa na ugomvi wa kiwanja na nyumba, na baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba binti yake alikuwa amekwisha kupeleka malalamiko polisi zaidi ya mara moja. Mawingu yalionekana, ila mwavuli haukufunguliwa.

Je, hatari inaweza kupimwa? Ndiyo. Mwaka 1985 muuguzi mmoja wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alianza kutengeneza orodha ya maswali ya kumsaidia mwanamke kupima hatari iliyo mbele yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi katika miji 11. Walilinganisha habari za wanawake 220 waliouawa na za wengine 343 waliopigwa lakini wakawa hai. Waliona kwamba mambo fulani hujirudia pale panapotokea mauaji. Katika jimbo la Maryland, polisi wakaja kufundishwa maswali mafupi 11 ya kuuliza papo hapo wanapoitwa kwenye ugomvi wa nyumbani. Majibu yakionyesha hatari kubwa, askari hupiga simu hapo hapo kwa watu wa nyumba za hifadhi, na mwanamke huzungumza nao kabla askari hajaondoka.

Haya ndiyo mambo makubwa ya kuuliza:

1. Amewahi kukushambulia au kukutishia kwa panga, kisu, bunduki au silaha nyingine?
2. Ametishia kukuua wewe au watoto?
3. Wewe mwenyewe unadhani anaweza kukuua?
4. Amewahi kukukaba koo?
5. Ana wivu wa kupindukia, anakufuata au kukuvizia njiani?
6. Mmeachana hivi karibuni, au unajiandaa kuondoka?
7. Ana bunduki, au anaweza kuipata kwa urahisi?
8. Amewahi kutishia au kujaribu kujiua?

Huko Maryland, jibu la "ndiyo" kwa swali lolote kati ya matatu ya mwanzo latosha kuonyesha hatari kubwa. Swali la nne nalo tusilidharau. Kukabwa koo mara nyingi hakuachi alama, lakini ni dalili mbaya mno, na aliyekabwa apelekwe kwa mganga hata kama anasema yu mzima. Swali la sita linatufundisha kwamba kumwambia mama "ondoka tu" hakutoshi. Siku za kuondoka ndizo za hatari kubwa zaidi, kwa hiyo safari ipangwe: aende wapi, na nani, watoto wakae wapi, vyeti na fedha viwekwe kwa nani.

Wawakilishi wa matawi wazingatie mambo manne. Kwanza, maswali yaulizwe faraghani, kamwe si mbele ya mume. Pili, siri ibaki siri. Neno likifika kwa mnyapara leo, kesho linafika nyumbani. Tatu, palipo na tishio la kifo msiwaite wote wawili barazani kuwasuluhisha. Pelekeni habari polisi na mahakamani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 na ile ya Kenya ya mwaka 2015 zinaruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda mtu anayeteswa nyumbani. Nne, majibu ya "hapana" si cheti cha usalama. Mwanamke akisema anaogopa, aaminiwe.

Waajiri nao wana wajibu. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unayatambua madhara ya ukatili wa nyumbani katika kazi. Uganda iliuridhia mwezi Agosti 2023. Pendekezo Namba 206 linalofuatana nao linataja likizo kwa aliyeteswa, mabadiliko ya saa za kazi, kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa, na kuuhesabu ukatili huo katika ukaguzi wa hatari kazini. Madai hayo tuyaingize katika mikataba ya hiari. Tudai pia mama anayekimbia ahamishiwe shamba au zamu nyingine bila kupunguziwa mshahara, na asipoteze nyumba ya kampuni kwa sababu imeandikwa kwa jina la mume.

Nanyi ndugu wanaume, hatuwatuhumu wote. Lakini mwenzenu akisema kilabuni, "Huyu mwanamke nitamuua," msicheke. Mkalisheni, mumzuie, na mtafuteni mwakilishi usiku huo huo.

Kila tawi liweke maswali haya katika ajenda ya mkutano wake ujao, na lichague wanawake wawili wanaoaminika wa kuyashughulikia. Ufa tumeuona. Tuuzibe kabla ya kuchimba kaburi jingine.

Umoja ni nguvu.