RELI YA MAJIRANI INATUHUSU NINI SISI WAKULIMA?



Hapa Nangwa hakuna reli. Ukitaka kuona treni, itabidi ufunge safari ya mbali. Kwa hiyo wapo wanaosema, "Habari za reli ni za watu wa mjini. Sisi wakulima na wafugaji zinatuhusu nini?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu pamoja, hatua kwa hatua.

Mfano wa josho

Tuseme vijiji vitatu vinajenga josho moja la ng'ombe. Kila kijiji kinatoa fedha na nguvu kazi. Siku ya kuogesha, kila kijiji kina zamu yake. Mambo ni mazuri, kupe wanapungua.

Halafu kijiji kimoja kinasema, "Josho liko kwa wenzetu, wao ndio wanaofaidi." Kinaacha kuchangia dawa. Kijiji cha pili nacho kinaacha. Mwisho josho linakauka. Je, kupe watachagua ng'ombe wa kijiji gani? Hawatachagua. Watapanda kwa wote.

Reli inayovuka mpaka ni kama josho hilo. Kuijenga ni kazi kubwa. Lakini kuitunza pamoja, mwaka hata mwaka, ni kazi kubwa zaidi.

Reli tuliyoigawana

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani. Ilifika Arusha mwaka 1929, wakati wa Waingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga njia nyingine kutoka Voi, Kenya, mpaka Kahe karibu na Moshi. Hivyo mzigo wa kaskazini uliweza kwenda Tanga au Mombasa.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliendelea kuwa na shirika moja la reli. Mwaka 1967 nchi hizo tatu ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini zilianza kugombana. Zilitofautiana katika siasa, na ziliulizana: nani anafaidi zaidi? Nani hapeleki fedha? Makao makuu ya reli na karakana kubwa vilikuwa Nairobi.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Mizigo ya Moshi na Arusha haikuweza tena kupitia Voi kwenda Mombasa. Kila nchi ilibidi ianzishe shirika lake la reli. Kugawana mali na madeni kulichukua miaka mingi. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984.

Yaani kuvunja kulikuwa kwa mwaka mmoja, lakini kugawana vipande kulichukua miaka saba. Jumuiya mpya ilipata mkataba wake mwaka 1999, hapo hapo Arusha.

Reli ya Uhuru

Upande wa kusini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zambia haina bahari. Shaba yake ilikuwa inapita Rhodesia, nchi ambayo sasa inaitwa Zimbabwe. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, ili Waafrika walio wengi wasitawale. Zambia ikawa kama mtu ambaye njia ya kutoka nyumbani kwake inapita uani kwa adui.

Rais Nyerere na Rais Kaunda walitafuta msaada wa kujenga reli mpaka Dar es Salaam. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilisema reli hiyo haitalipa. China ilikubali. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1967. China ilitoa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Kazi ilianza mwaka 1970. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi pamoja. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, kwenye milima, mabonde na matope. Wapo waliokufa kazini. Makaburi ya Wachina yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, mpaka leo. Reli ilikabidhiwa mwaka 1976. Urefu wake ni kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Inaitwa TAZARA. Wengi waliiita Reli ya Uhuru.

Lakini TAZARA nayo ilipata matatizo. Ilijengwa iweze kubeba kiasi kikubwa cha mizigo kwa mwaka. Haikufikia kiasi hicho hata mara moja. Injini zilichakaa, fedha za matengenezo zilipungua, na njia za kusini zilipofunguka, mizigo mingi ilikwenda huko. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilikubaliana na kampuni ya China iitengeneze na kuiendesha kwa miaka 30.

Upana wa reli

Jambo jingine ni upana wa njia. Reli ya zamani ya kwetu ina upana wa milimeta 1,000. TAZARA ina milimeta 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne tu. Hata hivyo behewa la njia moja haliwezi kupita kwenye njia ya pili. Ndiyo maana huko Kidatu, njia hizo mbili zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Reli mpya, inayoitwa SGR, ina milimeta 1,435. Treni zake zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Nia ni kuifikisha Mwanza, Kigoma na nchi jirani ya Burundi. Majirani wasipopatana upana mmoja, kila mpaka utakuwa mahali pa kushusha magunia.

Sasa, inatuhusu nini?

Tufanye hesabu. Tuseme behewa moja linabeba tani 40. Hayo ni magunia 400 ya kilo mia mia. Mabehewa 20 ni magunia 8,000, yanavutwa na injini moja. Kwa safari ndefu, nauli ya kila gunia hupungua.

Mbaazi zetu huvuka bahari kwenda India. Mahindi huvuka mpaka kwenda Kenya. Mbolea ya Minjingu tunayo hapa mkoani, lakini urea na dizeli ya trekta huja kwa meli. Nauli ikiwa kubwa, mnunuzi huikata kwenye bei anayokupa. Mwenye duka huiongeza kwenye bei anayokuuzia. Mkulima analipa mara mbili.

Reli peke yake haitoshi. Barabara ya kutoka shambani inatakiwa. Ghala linatakiwa. Na ushirika unatakiwa, maana mwenye magunia matano hawezi kukodi behewa. Wenye magunia 400 wakikaa pamoja, wanaweza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika? Mambo kama hayo yamewahi kutokea katika shughuli za pamoja kijijini kwenu?
2. Gunia moja la mbaazi linalipiwa nauli kiasi gani kutoka kwenu mpaka sokoni?
3. Magunia 1,200 yanahitaji mabehewa mangapi?