Kinanda cha Arusi na Joto la Garissa

Mwezi wa Machi mjini Garissa, kabla mvua za masika hazijaanza, joto la mchana hupita nyuzi 35 na hakuna anayeshangaa. Ngozi ya ngoma hukauka ikakaza na kupandisha sauti. Mbao za udi, ambao Wasomali huuita kaban, husinyaa, na mpigaji hulazimika kurekebisha nyuzi mara kwa mara. Kinanda cha umeme kilichowekwa juu ya meza pembeni mwa hema la arusi hakijali hayo yote. Noti ya la inayotoka saa nane mchana hutetemesha hewa mara 440 kwa sekunde, na saa sita usiku ni 440 ile ile, hata kama mchana plastiki yake ilipata joto hadi vidole vikaogopa kuigusa.

Sinthesaiza za kwanza hazikuwa na uvumilivu huo. Mmarekani Robert Moog alipotengeneza yake mwaka 1964, sauti iliongozwa na volteji: ukiongeza volti moja, noti inapanda oktava moja. Kazi ya kuzigeuza volti kuwa oktava ilibebwa na transista, na transista ina tabia yake mbele ya joto. Katika halijoto ya kawaida hubadilika kwa karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja. Ukiitazama tarakimu hiyo peke yake utaidharau. Sasa piga hesabu ya siku ya Garissa: asubuhi nyuzi 27, alasiri nyuzi 37. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 10, oktava isiyofidiwa hupungua kwa takriban mbili kwa tano za nusu-toni. Ukipanda oktava tatu juu ya pale ulipoanzia, umekosea zaidi ya nusu-toni nzima, na hapo hata mtoto aliyeketi mkekani atajua kwamba kuna kitu kimeharibika. Mafundi walitia vipingamizi maalumu vinavyobadilika na joto ili kufuta kosa hilo, lakini Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, iliendelea kujulikana kwa kuhama sauti. Wanamuziki waliiwasha mapema kabla ya onyesho ili ipate joto, kisha wakairekebisha tena.

Kilichofungua njia ya kinanda kisichohama sauti kiligunduliwa na mpiga ngoma. John Chowning, mtunzi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Kalifornia, alikuwa akitumia kompyuta ya maabara ya akili bandia ya chuo hicho nyakati ambazo wenyewe hawakuihitaji. Mwaka 1967 alikuwa akichezea mtikisiko wa sauti, ule ambao mwimbaji huutia mwishoni mwa noti ndefu. Mtikisiko wa koo la binadamu huenda mara tano au sita kwa sekunde, na sikio huufuata vizuri: sauti inapanda, inashuka, inapanda. Chowning akauongeza kasi. Akauongeza pia upana. Ulipopita takriban mara 20 kwa sekunde, sikio liliacha kufuata kupanda na kushuka. Noti ikawa moja tena, imetulia, ila rangi yake ilikuwa mpya. Pale palipokuwa na mluzi mwembamba sasa palikuwa na sauti nene, yenye umbo, kama ya ala halisi.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo tusipapite haraka. Chukua kitetemeshi kimoja kinachotikisika mara 400 kwa sekunde, halafu kitikise kwa kingine kinachokwenda mara 100. Kinachotoka ni 400 na kundi la sauti nyingine kila upande wake: 300 na 500, 200 na 600, na kuendelea. Zote hugawanyika kwa 100, na sikio linapokuta sauti zilizopangika namna hiyo huziunganisha likasikia noti moja yenye mwili, mfano wa zumari au tarumbeta. Sasa badilisha hesabu: kitetemeshi cha 200 kitikiswe kwa 280. Utapata 480, 760 na 1,040, na upande wa pili 80, 360 na 640. Hazina uhusiano wowote mwepesi na ile 200. Sikio linashindwa kuziweka chini ya noti moja, na unachosikia ni kengele. Uwiano huo wa 1 kwa 1.4 ni wa Chowning mwenyewe. Aliuchapisha mwaka 1973.

Faida yake ilikuwa ya gharama. Kabla ya hapo, aliyetaka kompyuta itoe sauti ya kengele ilimpasa ajumlishe vitetemeshi vingi, kimoja kwa kila sauti ndogo iliyomo ndani yake, na kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuvikimbiza vyote. Kwa njia ya Chowning viwili vilitosha. Kanuni yenyewe ni ile ile inayoifanya redio ya FM ifanye kazi. Star FM, inayotangaza kwa Kisomali, hutikisa mawimbi yake kwa namna hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba mawimbi ya redio huenda mara karibu milioni mia moja kwa sekunde na hakuna sikio linaloyasikia.

Chuo kilizipelekea ugunduzi huo kampuni za Marekani zilizokuwa zikitengeneza ogani, na zikaukataa. Chuo chenyewe nacho kikamnyima Chowning kazi ya kudumu, kisha kikamrudisha baadaye kilipoona Wajapani wameipenda hesabu yake. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilimtuma mhandisi kijana, Kazukiyo Ishimura, ambaye alielewa mara moja anachokitazama. Mwaka 1983 ikatoka DX7, yenye vitetemeshi sita kwa kila noti na uwezo wa kutoa noti 16 kwa pamoja. Iliuzwa zaidi ya 150,000, na hataza ile ikaiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20.

DX7 haikuwa na transista ya kugeuza volti kuwa oktava. Ilikuwa na namba, na namba zilihesabiwa kwa mapigo ya jiwe la kwatzi, jamaa ya lile lililomo ndani ya saa ya mkononi, ambalo joto hulisogeza kwa sehemu chache tu katika milioni. Ndiyo maana vinanda vyote vya tarakimu vilivyofuata vinastahimili alasiri ya Garissa.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuliko wengi wengine? Miaka ya 1970 na 1980 Mogadishu ilikuwa na bendi kubwa. Dur-Dur, Iftin na nyingine zilipiga kwenye hoteli zikiwa na magitaa, tarumbeta, ngoma na vinanda vya umeme. Baadhi ya kanda zao sasa zinauzwa upya Ulaya na Marekani. Mkusanyiko uitwao Mogadisco ulitolewa na kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani mwaka 2019, na wa Ostinato Records wa mwaka 2017 uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ilipoanguka Januari 1991, wanamuziki walitawanyika pamoja na wananchi wengine, na mwaka huo huo kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza kufunguliwa katika wilaya ya Garissa. Bendi ya watu kumi na vyombo vyao haivuki mpaka kwa urahisi wakati wa vita. Mtu mmoja na kinanda chake anaweza. Kuanzia hapo, kutoka Eastleigh ya Nairobi hadi London na Minneapolis, arusi nyingi za Wasomali zimepigiwa na mtu mmoja mwenye kinanda na mwimbaji mmoja au wawili.

Wapo wanaosikitika kwamba kinanda kimeua ufundi, na wanapomkumbuka Hudeydi, bingwa wa kaban aliyefariki London Aprili 2020, naelewa uchungu wao. Hata hivyo naona lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Bendi zilivunjwa na vita. Kinanda kilizikuta zimekwisha vunjika, kikazibeba nyimbo zao. Tena si kila arusi inakitaka: zipo familia zinazoona ala za muziki hazifai kidini, na hapo husikika kasida tu. Wanawake nao wana buraanbur yao, mashairi yanayoimbwa kwa ngoma na makofi, na hiyo haijamngoja fundi wa umeme. Gargar, kundi la wanawake wa Garissa lililorekodi na Ketebul Music ya Nairobi, limejengwa juu ya sauti za kina mama hao.

Adui wa kinanda hapa si joto, ni vumbi. Kifungue kinanda cha kawaida utakuta chini ya kila kibonyezo kuna mpira wenye vitone viwili vya kaboni. Ukibonyeza, kitone kimoja hugusa kabla ya kingine, na kinanda hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda mfupi maana yake umebonyeza kwa nguvu, muda mrefu umebonyeza kwa upole. Vumbi jekundu likiingia katikati na kitone kimoja kikakosa kugusa, hesabu inaharibika: noti hiyo haitoki kabisa, au inatoka kwa kelele ya ghafla katikati ya wimbo wa mapenzi. Wengi hudhani kinanda kimekufa, wakanunua kingine. Mara nyingi tiba yake ni kukifungua, kupangusa mpira na ubao wake kwa spiriti na pamba, kuacha vikauke na kufunga. Kitambaa cha kufunikia vibonyezo safarini ni rahisi kuliko vyote hivyo.

Umeme nao si tatizo kubwa kama watu wanavyofikiri. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati zaidi ya 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa na vijiji vingi havijafikiwa na gridi hiyo. Hata huko betri ya gari huweza kusaidia: vinanda vingi vya bei nafuu huendeshwa kwa volti 12 na hula umeme kidogo sana. Spika ndizo zinazomaliza betri. Angalizo moja tu: betri ya gari inapochajiwa hupanda hadi volti 14, kwa hiyo kukichomeka kinanda kwayo moja kwa moja huku paneli ya jua inaichaji ni kucheza na pesa zako.

Mahali ambapo kinanda kinabana kweli ni kwenye noti. Kina 12 katika kila oktava, zimepangwa sawasawa. Nyimbo za Kisomali kwa kawaida hutumia ngazi ya noti tano, na tano hizo zimo: piga vibonyezo vyeusi peke yake utazisikia, na ukianza na kibonyezo tofauti utapata mwelekeo tofauti. Kwa hili mpigaji wa Garissa ana nafuu kuliko mwenzake wa taarabu huko Mombasa, ambaye baadhi ya maqamu zake, yaani ngazi za muziki zenye asili ya Kiarabu, zinahitaji robo-toni zisizokuwepo kabisa; kwa muziki wa aina hiyo Yamaha ilitengeneza vinanda vya PSR-A vyenye uwezo wa kushusha noti kwa robo-toni. Shida ya Msomali iko kwenye mteremko. Mwimbaji hapandi ngazi hatua kwa hatua. Huteleza kutoka noti hadi noti. Mpiga kinanda humfuata kwa mkono wa kushoto, akizungusha gurudumu dogo la kupinda sauti, huku wa kulia ukishika noti. Lakini kwa utaratibu wa MIDI, ambao ala za umeme huutumia kuwasiliana, uliowekwa mwaka 1983, gurudumu hupinda kila noti iliyoshikwa kwenye chaneli hiyo. Ukishika mbili, zote huteleza, hata ile uliyotaka itulie. MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, inaruhusu kila noti ipindwe peke yake. Vinanda vya bei nafuu bado havijaifikia.

Hataza ya Chowning iliisha muda wake katikati ya miaka ya 1990, na leo programu ya bure iitwayo Dexed inaigiza DX7 yote ndani ya laptopu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa mwenye kompyuta kuukuu anaweza kurudia jaribio la 1967 usiku mmoja. Kiweke kitetemeshi cha kwanza kwenye 200 na cha pili kwenye 280, usikie kengele. Kisha kishushe cha pili taratibu, 100, 50, 30, ukiwa umevaa hedifoni. Utafika mahali rangi inavunjika na mtikisiko unaanza kuhesabika. Andika namba uliyoikuta hapo, halafu mpe mwenzako hedifoni naye ajaribu. Masikio hayalingani, na namba zenu huenda zikatofautiana.