Kidhihirishi: Kuona Bila Kudhuru

Makala haya yanakusudia kueleza kimiminiko kinachotiwa mwilini mwa mgonjwa ili viungo laini vionekane katika picha ya eksirei. Tukikiita "dawa", msikilizaji atadhani kinatibu, ilhali kazi yake ni kudhihirisha tu. Kwa hiyo hapa tutakiita kidhihirishi.

Mfupa huzuia miale ya eksirei, ndiyo maana huonekana mweupe pichani. Nyama, mishipa na tezi huipitisha kwa viwango vinavyokaribiana, hivyo ni vigumu kuvitofautisha. Iodini, ambayo atomi zake ni nzito, huizuia miale hiyo na kubainisha mahali inapopita. Mnamo 1929, Moses Swick, daktari Mmarekani aliyekuwa Berlin, alidhihirisha figo na njia za mkojo kwa kudunga mshipani kiowevu chenye iodini.

Umuhimu wa kidhihirishi unaonekana wazi katika uvimbe wa seli za uzazi, saratani ambayo huwapata hasa vijana wa kiume katika korodani. Aghalabu saratani hii husambaa kwanza hadi kwenye tezi za limfu zilizo nyuma ya tumbo, karibu na figo. Zamani, mafuta yenye iodini yalidungwa katika vijishipa vya limfu vya mguuni, yakapanda polepole hadi kwenye tezi hizo. Baadaye skani ya kompyuta ilichukua nafasi hiyo, kidhihirishi kikipitia katika damu.

Hata hivyo, hapa pana utata. Mnamo 1974, Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuunganisha sisplatini na dawa nyingine mbili, na tangu hapo wagonjwa wengi wameponyeka hata baada ya saratani kusambaa. Lakini sisplatini huweza kudhuru figo, na kidhihirishi nacho hutolewa mwilini kupitia figo zizo hizo. Ndiyo sababu hali ya figo huchunguzwa kwanza. Aidha, utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2022, ulioshirikisha wanaume 669 waliokuwa na aina moja ya uvimbe huu katika hatua ya kwanza, ulionyesha kuwa picha za usumaku, zisizotumia eksirei, zinaweza kushika nafasi ya skani ya kompyuta katika ufuatiliaji wao.

Kijana anayepona akiwa na miaka 25 atazihitaji figo zake kwa miongo mingi. Anapoulizwa habari za figo kabla ya picha, na aelewe sababu. Ufahamu huo huanza na jina linaloeleza kazi.