Kompyuta Ndogo Inasubiri Nini?

Mtu akiniletea kompyuta ndogo inayojikokota, mara nyingi anakuja na tiba mkononi: "Niwekee RAM." Mimi humwomba kwanza aiwashe, afungue kurasa anazozifungua kila siku, kisha tukae tuitazame. Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Inapokwama, inasubiri nini?

Tuanze na mashine iliyozifungulia njia kompyuta hizi za bei nafuu. Kampuni ya Asus ilipotoa Eee PC 701 mwishoni mwa mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, na prosesa ya megahezi 900 iliyopunguzwa kasi kiwandani hadi 630. Mfumo endeshi wake ulikuwa Linux ya Xandros. Pamoja na udogo huo wote, iliwaka upesi, ikaandika barua na kufungua intaneti. Chini ya tumbo lake palikuwa na kifuniko. Unakifungua kwa bisibisi, unachomoa kadi ya RAM, unachomeka kubwa zaidi. Wengi walifanya hivyo. Waliochomeka gigabaiti 2 waligundua kwamba kiini cha Linux hiyo kilikuwa kimepangwa kisione zaidi ya gigabaiti 1. Nusu ya kadi waliyoinunua ilikaa bure mpaka wabadilishe kiini chenyewe au waweke mfumo mwingine.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba RAM haifanyi kazi peke yake. Ifikirie kama meza ya fundi cherehani. Kitambaa, mkasi na nyuzi vikiwa mezani, mkono unavifikia bila kusimama. Meza ikijaa, fundi hulazimika kupeleka vitu stoo na kuvirudisha kila anapovihitaji. Stoo ya kompyuta ni diski, na umbali wa kwenda huko ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Tungeurefusha muda huo ili RAM ijibu kwa sekunde moja, diski ingejibu kesho, baada ya saa kama 28.

Ndiyo maana mashine iliyojaa haipungui kasi kidogo kidogo, bali inaganda. Kishale kinasimama, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na wewe unabonyeza tena na kuizidishia foleni. Hapo RAM ni dawa kweli. Kutoka megabaiti 512 hadi gigabaiti 1 au 2, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Lakini fundi ambaye meza yake haijawahi kujaa, ukimnunulia meza ya pili hatashona haraka zaidi. Nafasi inayobaki wazi mfumo huitumia kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na hilo husaidia kiasi. Halitoshi kugeuza prosesa dhaifu kuwa yenye nguvu.

Sasa nifike kwenye kosa ninaloliona zaidi. Watu huweka mfumo mwepesi, antiX au Puppy Linux kwa mfano, wakiamini kwamba uzito umekwisha. Mifumo hii ni myepesi kweli. Inatosheka na megabaiti mia chache, na Puppy huweza kupakiwa yote ndani ya RAM. Ila siku hizi mzigo hauko kwenye mfumo, uko kwenye kivinjari. Ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii, pamoja na picha, video na programu zake ndogondogo, unaweza kula RAM kuliko mfumo mzima unaouendesha. Fungua vichupo sita na wepesi wote ulioutafuta umekwisha. Kwa hiyo anayeandika tu na kusoma barua pepe anaweza kuishi vizuri na gigabaiti 1, na mwenzake mwenye mashine ileile na mfumo uleule akaona hata gigabaiti 2 hazimtoshi.

Video ni habari nyingine. Kompyuta yenye prosesa ya Atom N270, iliyotumika sana kuanzia mwaka 2008, ikipewa video ya ubora wa juu hukatakata picha hata kama RAM yake iko tupu nusu nzima. Kamba hukatikia pabovu, na hapo pabovu ni prosesa na sehemu ya michoro. Tena N270 na bodi zake hazipokei zaidi ya gigabaiti 2. N450 iliyofuata mwaka 2010 ni hivyohivyo. Windows 7 Starter, iliyowekwa kwenye nyingi za mashine hizi, nayo ilikomea kwenye gigabaiti 2. Muuzaji akikuuzia kadi ya gigabaiti 4 kwa mashine kama hiyo, amekuuzia kisichotumika.

Kupima ni rahisi na ni bure. Kwenye Linux, fungua kila unachotumia kwa siku ya kawaida, kisha andika vmstat 5 kwenye dirisha la amri. Tazama safu mbili, "si" na "so". Zinaonyesha vitu vinavyorudishwa kutoka stoo na vinavyopelekwa huko. Zikibaki sifuri au karibu na sifuri wakati mashine inajikokota, kwa kawaida RAM haina kosa. Tafuta tatizo kwenye prosesa, kwenye diski inayochoka au kwenye intaneti yenyewe. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, nunua RAM. Kama bajeti haipo, washa zram, inayobana vilivyomo ndani ya RAM badala ya kuvipeleka diskini; Chromebook nazo hutumia mbinu hiyo.

Na kwa anayekwenda dukani kununua kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika: igeuze kabla hujalipa, utafute kile kifuniko cha tumboni. Acer Aspire One za kwanza hazikuwa nacho. Kuongeza RAM kulidai kuifungua mashine nzima mpaka kwenye bodi. Chromebook nyingi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja, hivyo utakayoikuta siku ya kununua ndiyo utakayokuwa nayo mpaka mwisho.