Kaburi lisilofikika Siku ya Wazazi

Tarehe 1 mwezi wa nane inakaribia. Siku hiyo, hapa kwetu Kongo, asubuhi tunakwenda makaburini na jembe, ufagio na ndoo ya chokaa. Mchana watoto wanakula pamoja na wazazi walio hai. Wengi wetu tunadhani desturi hii ni yetu peke yetu. Sivyo.

Wachina nao wana siku yao, inaitwa Qingming. Inafuata jua: ni kama siku 15 baada ya ile siku ya mwezi wa tatu ambapo usiku na mchana vinalingana, kwa hiyo inaangukia tarehe 4 au 5 mwezi wa nne. Jamaa nzima inakwenda kung'oa majani juu ya kaburi, kufagia, kuweka matunda na chai, kisha kuchoma ubani na karatasi zilizochapwa kama noti, ili mzee asikose matumizi huko aliko. (Tuliposimulia haya kikundini, mama mmoja aliuliza kama mzee hawezi kurudisha franga za kweli.) Kusini mwa China wanapika vidonge vya kijani, unga wa mchele na maji ya majani ya porini, ndani maharagwe matamu.

Hata Afrika inafanywa. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wamezikwa Wachina zaidi ya 60, wengi wao waliokuja kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1.860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kati ya 1970 na 1975. Kila Qingming, Wachina wanaoishi mjini wanawapelekea maua. Wanafagia makaburi ya watoto wa mama wengine.

Hapo ndipo tulipoguswa. Kati yetu kuna waliotoka Masisi na Rutshuru, wameacha mtoto au mume udongoni kule. Wengine walizika karibu na kambi, na tangu kambi zivunjwe mwaka 2025 hawajui tena ni jiwe gani kati ya mawe haya ya volkano.

Mchina wa kaskazini aliye mbali na kwao anachora duara kwa chokaa penye njia panda, anaacha mlango upande wa kijiji chake, anachoma karatasi zake hapo. Sisi hatusemi tuchome kitu. Kila mtu ana kanisa au msikiti wake, na nyumba zetu za mbao haziwezani na moto. Lakini duara lile limetupa wazo.

Mama asiyefika kaburini aje saa nane mchana na watoto wake na daftari moja. Mtoto ataandika jina la marehemu, kijiji, na alama ya mahali: chini ya mti gani, nyuma ya shule gani. Mama ndiye anayejua; mtoto aliyefika Mugunga mgongoni hajui kitu. Asiye na mtoto wa kuandika, sisi walimu tutamwandikia. Kila mmoja alete alichonacho, sombe, sambaza, hata mandazi. Daftari anarudi nalo mwenyewe, amelifunga vizuri ndani ya plastiki, juu ya mvua.