Nani Kawaambia Navaa 43?

Mwana, kuna raba inanifuata.

Usicheke. Jumanne usiku niko geto, bando la usiku linakimbia, nikachungulia duka moja la mtandaoni. Raba nyeupe, mstari mwekundu, namba 43. Bei? Laki moja na themanini. Nikacheka peke yangu, nikafunga. Laki na themanini za raba, mimi mtoto wa Kiboriloni? Kwetu belo likifunguliwa asubuhi, ukiwahi, unatoka umepiga pamba kama staa wa Bongo Fleva na chenji ya chapati inabaki. Laki na themanini wakamuuzie mshamba.

Jumatano nasoma matokeo ya Yanga. Raba hiyo hapo. Alhamisi natafuta jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye jeans. Raba. Ijumaa natafuta maana ya kuota nyoka. Raba imekaa juu ya nyoka. Jumamosi imerudi na punguzo: laki na sitini na tano. Imeshaanza kunibembeleza kama mpiga debe wa stendi ambaye Hiace yake imebakiza siti moja.

Bimkubwa kasema ni pepo, twende nikaombewe. Mshua kasema simu janja zinasikiliza watu, ndiyo maana yeye kabaki na kiswaswadu. Mshua huyohuyo, namba ya siri ya pesa zake za simu kaiandika kwa kalamu nyuma ya hicho kiswaswadu. Hao ndio washauri wetu wa teknolojia, masela. Wa kuombewa ni wao.

Sio pepo. Ni kuki.

Daftari la mangi

Na sio zile kuki za kopo la bati, ambazo kila nyumba ukifungua unakuta uzi, sindano na vifungo vya shati la marehemu. Hizi hazina hata sukari.

Iko hivi. Intaneti kwa asili yake ni sahaulifu kinoma. Chukulia mangi wa dukani ambaye ukimwagiza mkate, ukigeuka kuangalia sukari, akikuona tena anauliza, "Karibu, nikusaidie nini?" Kila ukurasa unaofungua, wewe ni mgeni. Mwaka 1994 chalii mmoja wa kampuni ya Netscape, Marekani, anaitwa Lou Montulli, akapewa tatizo hilo aliumizie kichwa. Watu walikuwa wanataka kuanza kuuza vitu mtandaoni, sasa utauzaje kama kikapu kinamsahau mwenye kikapu? Akaja na ujanja mwepesi: tovuti impe mgeni kikaratasi chenye namba, brauza ikitunze, na mgeni akirudi ikionyeshe. Jina akalitoa kwenye msamiati wa watu wa kompyuta, waliokuwa wanaita kipande cha data cha namna hiyo "magic cookie". Hakuna biskuti iliyoliwa.

Chenyewe ni kidogo, baiti 4,096 hivi, kimejaa. Hakipigi picha. Hakisomi meseji. Hakiingii kwenye galari kuangalia yale mambo yako. Mara nyingi kinabeba namba tu. Stori yote iko kwa yule mwenye daftari, anayejua hiyo namba ni ya nani na imefanya nini.

Mangi wa mtaani kwangu analo. "Chalii wa kona, mkate mmoja, jero bado." Hiyo freshi. Ndiyo inayokufanya usiandike paswedi kila ukifungua barua pepe, ndiyo inayokumbuka kikapu chako na lugha yako. Kuki ya mwenye duka mwenyewe. Huyo hatugombani naye. Tunamlipa mwisho wa mwezi, tukikumbuka.

Kidakuzi, yaani mbea

Sasa weka simu yako kwa Kiswahili uone kuki zinaitwaje. Vidakuzi. Najua, najua. Litamke kijiweni uchekwe hadi Himo.

Ila tulia kidogo. Kudakua ni kutoa siri za watu. Mdakuzi ni mtu mwenye kazi hiyo. Udaku unaujua, yale magazeti ambayo mshua anasema ni upuuzi na anayasoma chooni. Kwa hiyo kidakuzi ni kambea. Wazungu wameita biskuti, sisi tumeita mbea. Nani hapo kaona mbele? Ni mara moja tu wazee wa kamusi wametufunga goli, na naomba tusiwazoeshe sifa.

Maana mbea mwenyewe hakai kwa mangi. Mbea yuko sokoni.

Piga picha Kiboriloni siku ya soko. Unafika meza ya kwanza, unashika raba, unabonyeza soli, unauliza bei, unarudisha. Pembeni kasimama dogo mmoja. Hauzi kitu. Kampa mwenye meza chochote ili asimame pale, basi. Anaandika: huyu kashika raba, 43, kasita kwenye bei. Unahamia kwa jeans, dogo yuleyule. Unaenda kwa mama wa ndizi, dogo huyo hapo, na anakunyanyulia raba juu ya mkungu. Hiyo ndiyo kuki ya mtu wa tatu. Sio ya tovuti uliyoingia. Ni ya kampuni ya matangazo iliyotega mguu kwenye tovuti kibao kwa mpigo. Duka la raba na tovuti ya mpira hazijuani hata kwa salamu. Zote zinamjua dogo.

Ndevu mbele ya ukoo

Raba ni afadhali. Raba haina aibu.

Desemba ukoo mzima umepanda Old Moshi kuhesabiwa, si unajua mambo yetu. Babu miwani imepotea, anataka kuona msimamo wa ligi kwa herufi kubwa. Nikampa simu, mjukuu mwema. Nilichosahau ni kwamba wiki ile nilikuwa natafuta mafuta ya kuotesha ndevu. Utafiti tu, usiniangalie hivyo.

Ukurasa ukafunguka. Juu ya msimamo wa ligi, kidevu. Kikubwa. Kabla na baada. Ukimya. Shangazi akaweka chini bakuli la mtori, akasogea. Binamu wa Dar akatoa simu yake, akapiga picha simu yangu. Babu akakitazama kidevu cha kwenye skrini, akakitazama changu, akatoa hukumu: "Mjukuu wangu, hizo zinataka mbege, sio mafuta."

Mpaka leo kwenye grupu la ukoo naitwa Ndevu. Na tiba ya babu nimeijaribu kwa moyo wote. Kidevu bado kinang'aa kama sahani.

Kuki zimefika Horombo, mimi bado

Sasa hicho kibao cha "Accept all" kinachokuziba nusu ya skrini kimetoka Ulaya. Kule walitunga sheria ya faragha ya mawasiliano ya mtandao mwaka 2002, wakaikaza 2009, halafu tarehe 25 Mei 2018 ikaanza GDPR, sheria ya data, ile yenye meno. Na mkono wake mrefu. Kampuni ya hapa Moshi ikimuuzia Mjerumani safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au Machame kwenye tovuti, nayo imo. Ndiyo maana tovuti za masela wa utalii zina vibao vya kuki vingi kuliko picha za mlima. Mgeni akichungulia bei ya kupanda mara moja tu, na dola 2,000 hapo sio ajabu, mlima unamfuata hadi sebuleni kwake. Mimi nalalamika raba. Yeye anafuatwa na mita 5,895.

Na mtandao wenyewe umeshapanda. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720. Wagumu wanatua mizigo, wanaingia mtandaoni. Kwa hiyo kuki zimefika Horombo. Mimi nimezaliwa chini ya huo mlima na geti la Marangu sijalivuka. Naomba tusiendelee na hii mada.

Umeona kibao chenyewe kilivyo? "Accept all" imepakwa rangi, imenona. Kukataa kumefichwa kwa kijivu pale chini, kama kasoro ya iPhone ya mtumba. Ufaransa walishtuka. Januari 2022 mamlaka yao ya data, CNIL, ilitangaza faini: Google euro milioni 150, Facebook milioni 60. Kosa? Kukubali ni mguso mmoja, kukataa ni safari. Septemba 2025 ikawa zamu ya Shein, milioni 150, kwa kuwapachika wageni kuki kabla hawajakubali chochote. Shein, masela! Wale wa nguo mpya za bei chee. Sisi wa mitumba tulikaa kimya tu, tukatabasamu.

Hata Bongo usidhani hatuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo siku nyingine ukisema "hizo ni taarifa zangu", hujimwambafai. Unanukuu sheria.

Halafu kuna suala la mkwanja. Bango la barabarani unalitazama kitonga. La simuni unalilipia wewe. Picha inashuka kwa bando lako, video inajicheza kwa bando lako. Wanakutangazia raba usiyoweza kuinunua kwa hela yako mwenyewe. Ni kama dalali akufuate nyumbani halafu adai nauli.

Mfukuze dogo, fasta

Kwanza, kibao. Acha kuvutwa na rangi kama nzi. Tafuta pa kukataa. Ukikosa, ingia pa kuchagua, bakiza zile za lazima, hizo ndizo za mangi. Sekunde nne. Kwenye kuchagua filta unatumia ishirini.

Pili, Chrome. Nukta tatu juu, Mipangilio, mipangilio ya tovuti, vidakuzi vya watu wengine, zuia. Fanya mwenyewe, usisubiri. Mwaka 2020 Google walisema ndani ya miaka miwili watazitoa kabisa hizo kuki kwenye Chrome. Wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Julai 2024 wakasema, basi, zibaki. Mlevi wa mbege anayeacha Jumatatu ana msimamo kuliko hao.

Tatu, Safari ya Apple inazizuia yenyewe tangu Machi 2020, na Firefox ilianza kuwabana wafuatiliaji yenyewe 2019. Watu wa iPhone msianze. Nusu yenu betri iko asilimia 71.

Nne, kufuta. Sehemu ya historia, futa data ya kuvinjari, chagua vidakuzi. Ila ujue ukifuta vyote, kila mahali unatolewa nje. Mimi nilifuta kibabe, halafu nikakumbuka kwamba paswedi sizikumbuki. Siku mbili sina akaunti, naishi kama mshua.

Tano, hali fiche, yaani Incognito. Oya, ile miwani myeusi haikufanyi jambazi wa sinema. Ukifunga, kuki za humo zinafutika na simu haikumbuki ulipopita. Lakini tovuti ilikuona vizuri tu. Google walishtakiwa kwa hilo Marekani mwaka 2020, na 2024 wakakubali kufuta kumbukumbu za mabilioni walizokusanya. Hali fiche inakuficha kwa dada yako. Kwa dunia uko uchi na miwani.

Sita, aplikesheni hazitegemei kuki. Zina kitambulisho cha matangazo. Kwenye Android ingia mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, kifute.

Saba, na hapa sitanii: ukiingia akaunti kwenye kompyuta ya stationery, toka kabla hujanyanyuka. Na uache kupakua programu za wizi. Kuki ya kuingilia ni kama kadi ya getini. Akiikwapua mtu, anaingia kwako bila kuulizwa paswedi.

Nikafanya yote saba. Raba ikapotea. Siku tatu, kimya. Nisiwe muongo, nilii-miss kidogo.

Jumamosi nikashuka sokoni. Simu mfukoni, kuki sifuri, msafi kama mtoto wa kipaimara. Sijafika hata meza ya tatu:

"Oya Ndevu! 43 nyeupe hii hapa, nimekufichia!"

Nikaganda. Raba nyeupe, mstari mwekundu, imechakaa kidogo kisigino. Elfu kumi na tano. Nani kakwambia? Jamaa akaonyesha mama wa ndizi. Mama wa ndizi, bila aibu, akaonyesha ng'ambo ya barabara, dukani kwa mangi. Nikavuka. Nikamkazia macho. Natafuta nukta tatu zake ziko wapi.

Mangi akafungua daftari, akalamba kidole, akageuza ukurasa.

"Raba umepata," akasema. "Ile jero, je?"