Bangili za taa zinavyomgeuza mtazamaji kuwa sehemu ya onyesho

KWA miaka mingi mtazamaji wa tamasha la muziki alikuwa na kazi mbili tu: kutazama na kushangilia. Siku hizi, katika baadhi ya matamasha makubwa duniani, hupewa bangili yenye taa mlangoni, na muziki unapoanza mkono wake huwaka pamoja na mikono ya maelfu ya wenzake.

Teknolojia hiyo ilivuma mwaka 2012, bendi ya Coldplay ya Uingereza ilipogawa bangili ziitwazo Xylobands katika ziara yake. Februari 2014, kampuni ya PixMob ya Montreal, Kanada, ilitumia kofia zenye taa katika fainali ya Super Bowl huko New Jersey, Marekani. Picha zilipita juu ya umati wa watu zaidi ya 80,000, kana kwamba uwanja mzima ni televisheni na kila mtu ni nukta yake moja.

Ndani ya bangili mna betri, taa ndogo za LED na kipokeo. Zipo zinazoamriwa kwa mawimbi ya redio, ambayo hufika hata pale mkono unapofichwa na mwili wa jirani. Nyingine hupokea miale isiyoonekana kwa macho, ya aina itumikayo katika rimoti ya televisheni. Mitambo huimulika miale hiyo sehemu fulani ya umati, na bangili zilizoguswa ndizo zinazowaka.

Kwa hiyo, mitambo ya miale haihitaji kujua nani ameketi wapi. Aidha, mvaaji hana uwezo wa kuchagua rangi. Anayeamua ni fundi wa taa. Ushiriki huo ni wa kupokea amri, ingawa furaha yake ni ya kweli.

Hata hivyo, suala zito ni taka. Uwanja wa watu 60,000 ukigawiwa bangili, huo ni mzigo wa betri na plastiki 60,000 kwa usiku mmoja.

Katika ziara iliyoanza mwaka 2022, Coldplay ilitumia bangili za malighafi ya mimea na kuwaomba watazamaji wazirudishe zitumike tena. Mwaka 2023 bendi hiyo ilitangaza kuwa wastani wa asilimia 86 zilirudishwa.

Pengine hapo ndipo mtazamaji anaposhiriki kwa hiari yake mwenyewe: anapoivua bangili na kuirudisha mlangoni.